Bwawa la samaki wa mapambo nyuma ya nyumba, Tegeta: shajara ya miezi tisa

Bwawa hili liko nyuma ya nyumba yangu Tegeta, Dar es Salaam. Naandika kila hatua inapokamilika ili mwenye nia kama yangu aweze kufuata bila kurudia hasara zangu. Bei zote ni nilizolipa mimi, kwa shilingi. Kazi za kawaida nazipitia haraka. Nitakaa zaidi pale palipoharibika, maana hapo ndipo samaki walipokufa.

8 Juni 2024: Eneo na shimo

Nilitaka bwawa liwe chini ya mwembe, nipate kivuli cha bure. Fundi akakataa: "Dada, majani na maua ya huu mwembe yatakutesa mwaka mzima, na yakioza ndani ya maji utakuja kunitafuta." Nimemsikiliza. Tumehamia upande wa ukuta wa mashariki, mbali na shimo la choo, mahali panapopata jua la asubuhi na kivuli baada ya saa nane.

Vipimo vya ndani: mita 3 kwa 2, kina sentimita 80, maji yakae sentimita 70. Hiyo ni kama lita 4,200. Nusu ya ukuta iko chini ya ardhi, nusu juu.

Tulipofika nusu mita tukakuta jiwe la matumbawe. Vijana wawili walipiga sururu siku mbili, 60,000. Siku hiyo nililalamikia ugumu wa jiwe tu. Sikujua kwamba jiwe hilohilo lilikuwa linanieleza habari za maji yangu ya kisima, na ningeelewa mapema ningeokoa pesa na samaki.

22 Juni: Kuta na plasta

Hapa hapana mengi. Sakafu ya zege yenye waya, kuta za matofali ya saruji ya inchi sita, plasta mara mbili, ya mwisho ikichanganywa na dawa ya kuzuia maji. Bomba la inchi mbili la kumwagia maji yakizidi, na jingine chini la kukaushia. Usiache kuweka hilo la chini. Mimi nilitaka kulipunguza ili kuokoa 12,000, fundi akang'ang'ana, na tangu hapo nimelitumia mara nyingi kuliko nilivyodhani.

Matofali 90 yamekula 126,000, saruji mifuko 10, 170,000, mchanga na kokoto 110,000, waya 60,000, dawa ya kuzuia maji 20,000, ufundi 150,000. Jumla 636,000.

6 Julai: Gapi kumi kwa usiku mmoja

Tulijaza maji tarehe 29 Juni, wiki moja tu baada ya plasta. Nikaacha siku nne, kwa sababu nilishasikia kwamba maji mapya lazima yapumzike kwanza. Kwa maji ya bomba yenye klorini ni ushauri mzuri: yakikaa wazi siku moja au mbili, klorini inaruka. Maji yangu ni ya kisima, hayakuwa na klorini tangu mwanzo.

Jioni ya tarehe 3 niliweka gapi kumi, samaki wadogo wa mapambo, 10,000. Niliwachagua kwa sababu hula viluwiluwi vya mbu, na sikutaka bwawa langu liwe kiwanda cha malaria kwa majirani. Asubuhi wote kumi walikuwa chini. Nilimwinua mmoja kwa kijiko: ngozi imefunikwa ute mweupe kama uji mwepesi, mapezi yamebana mwilini, mashavu yamefunguka.

Nikaenda kununua vipimo ambavyo ningevinunua kabla ya samaki: karatasi za pH, yaani kipimo cha uchachu au uchokaa wa maji, na chupa za matone za kupima amonia, nitriti na nitrati. Vyote 65,000. Karatasi ya pH ilifika rangi ya mwisho kabisa, juu ya 10. Saba ndiyo katikati; samaki wengi wa mapambo wanaishi kati ya 6.5 na 8.5.

Sababu ni saruji mbichi. Inaendelea kutoa chokaa ndani ya maji kwa wiki kadhaa, na chokaa hiyo inaunguza mashavu ya samaki. Nilichofanya: nimekausha bwawa, nimesugua kuta na sakafu kwa brashi ngumu na siki iliyochanganywa na maji (lita nane za siki, 20,000), nimesuuza, nimejaza upya, nimeacha siku tano, nimemwaga, kisha nimerudia. Ipo rangi ya kupaka ndani ya matangi ya maji inayoziba saruji kabisa. Dukani waliniambia 180,000, nikaamua subira inatosha.

27 Julai: pH imegoma kushuka, na tangi la ndani limevuja

Maji ya kwanza yalisoma zaidi ya 10, ya pili 9.4, ya tatu 8.8. Sasa yako 8.4 na yamesimama hapo siku tisa mfululizo. Nimeridhika kwamba saruji imetulia.

Wakati huohuo nimetengeneza tangi la kioo la sebuleni, sentimita 100 kwa 40 kwa 40, lita 160, kwa ajili ya karantini na kwa sababu mwanangu wa darasa la sita anataka kuona samaki kwa karibu. Fundi vioo alikata na kuunganisha kwa 95,000. Lilivuja pembeni usiku wa kwanza. Nilipouliza silikoni aliyotumia, ikawa ile ya mabafuni yenye dawa ya kuzuia kuvu. Uvujaji ulikuwa bahati, kwa sababu dawa hiyo inaweza kuwadhuru samaki hata kama tangi halivuji tone.

Tukakwangua silikoni yote kwa wembe. Yote, maana silikoni mpya haishiki vizuri juu ya kuukuu. Tukaweka tyubu mbili za silikoni safi isiyo na dawa, 18,000, na kuacha siku tatu hadi harufu ya siki ilipoisha. Jaribu la kuvuja nimelifanya nje, barazani. Tangi likijaa lina kilo 160 za maji tu, achilia mbali kioo na kokoto, kwa hiyo kabati la televisheni halikufaa. Fundi seremala ametengeneza meza ya mbao kwa 40,000.

4 Agosti: Goldfish

Hii ndiyo siku mbaya kuliko zote za mradi huu.

Jumapili iliyopita niliweka goldfish kumi na wawili bwawani, 4,000 kila mmoja. Maji yalikuwa meupe, pH imetulia. Mwanangu aliwalisha asubuhi, mchana na jioni, na mimi nilifurahi kumwona. Siku nne walikula vizuri. Siku ya tano walipanda juu na kuning'inia karibu na uso wa maji, hawahangaiki na chakula. Mashavu yalikuwa mekundu kama yamechubuliwa. Nikapima amonia: miligramu 2 kwa lita.

Samaki hutoa amonia kupitia mashavu na kinyesi, na chakula kinachooza huongeza nyingine. Katika bwawa la zamani wako bakteria wanaoila na kuigeuza nitriti, kisha bakteria wengine wanaigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo haina madhara makubwa ikiwa kidogo. Bwawa langu lilikuwa jipya kama sahani iliyooshwa. Hapakuwa na bakteria wa kutosha wa kufanya kazi hiyo.

Lakini kuna la pili, na hili ndilo lililowamaliza. Amonia ndani ya maji iko ya namna mbili: yenye sumu kali, na nyingine isiyodhuru sana. Kiasi cha ile kali hutegemea pH na joto. Kwa maji ya nyuzi 28 yenye pH 7, ile kali haifiki hata asilimia moja ya amonia yote. Kwa maji ya nyuzi hizohizo yenye pH 8.4 inafika kama asilimia 15. Kipimo kile kile cha miligramu 2 kingekuwa onyo tu kwa mtu wa sehemu nyingine. Kwangu kilikuwa mauti.

Nilibadilisha nusu ya maji siku mbili mfululizo na kusimamisha chakula. Wanane wamekufa. Wanne nimewaingiza kwenye tangi la ndani na ninawabadilishia lita 40 kila siku.

18 Agosti: Siki na majani ya mkungu

Kwa kuwa pH ndiyo iliyoipa amonia nguvu, niliamua kuishusha. Bwawani hakuna samaki, kwa hiyo nilikuwa huru kujaribu.

Kwanza siki. Lita mbili, 5,000. Saa sita mchana pH ilikuwa 7.5 na nikadhani nimepata dawa. Kesho yake asubuhi: 8.2. Jioni: 8.4.

Kisha majani ya mkungu, ambayo wafugaji wa samaki wa nchi nyingi huyatumia kulainisha maji. Mimi ninayo bure, barabara yetu ina mikungu mitatu. Niliokota majani makavu mekundu kama sitini, nikayaosha, nikayazamisha ndani ya wavu. Baada ya wiki maji yalikuwa na rangi ya chai ya rangi, yanapendeza kweli. pH 8.3.

Hapo ndipo nikaanza kupima maji ya kisima yenyewe. Yakitoka tu bombani: 7.4. Nikayaacha kwenye beseni hadi kesho yake: 8.3. Maji yaliyotoka chini ya ardhi yamebeba hewa ya kaboni, na hewa hiyo huyafanya yaonekane hayana chokaa nyingi. Yakikaa wazi hewa inatoka, kama soda iliyofunguliwa, na tabia halisi ya maji inajitokeza. Ukipima maji ya kisima, pima ya jana.

Sababu ya chokaa yote hiyo iko chini ya miguu yangu. Upande huu wa jiji umekaa juu ya matumbawe ya kale na mawe ya chokaa. Mlima wa Wazo unachimbwa kwa ajili ya saruji kwa sababu hiyohiyo. Birika langu la umeme linaota ukoko mweupe kila mwezi. Sabuni haitoi povu mpaka uisugue sana. Miaka sita naishi hapa, dalili naziona jikoni na bafuni, na sikuzihusisha na samaki.

Kuongeza siki kila siku hakufai. Chokaa iliyomo inairudisha pH juu kila mara, na samaki anayeyumbishwa kutoka 7.5 hadi 8.4 kila siku anaumia kuliko anayekaa 8.4 moja kwa moja.

1 Septemba: Nimebadilisha samaki, sibadilishi maji

Jana nilikwenda Mbezi kwa mfugaji mmoja anayezalisha samaki wa mapambo. Nilimweleza kila kitu. Aliuliza swali moja tu: "Dada, birika lako linaota ukoko?"

"Linaota, kaka."

"Sasa goldfish wa nini? Wale wanapenda ubaridi, na wanachafua maji kweli. Wewe chukua watoto wa Nyasa."

Alimaanisha mbuna. Ni samaki wadogo wa kwenye miamba ya Ziwa Nyasa, njano kama embe bivu, buluu, wengine wenye mistari myeusi. Jina lenyewe ni la Kitonga cha upande wa Malawi. Ziwa hilo lina aina nyingi za samaki kuliko ziwa lolote duniani, na sehemu ya mwambao wake ni yetu, ikiwemo Matema na Mbamba Bay. Maji yake yana pH kati ya 7.7 na 8.6, joto la nyuzi 23 hadi 28. Nilipoangalia namba hizo nilikaa kimya. Maji niliyoyapiga vita mwezi mzima yanafanana na ya Nyasa kuliko nilivyoweza kutengeneza kwa dawa yoyote.

Ila jambo la amonia halijaondoka. Kwa pH hii lazima bwawa liwe na bakteria kamili kabla ya samaki wa kwanza. Kwa hiyo nimejenga chujio.

Pipa la bluu la lita 200, 45,000. Maji yanaingia chini, yanapanda kupitia nyavu kuukuu zinazoshika uchafu, kisha kupitia vifuniko vya plastiki vya chupa za maji, halafu yanamwagika bwawani kama maporomoko madogo. Vifuniko nimevinunua kwa kijana anayekusanya chupa, viroba viwili kwa 10,000, nikaviosha kwa maji matupu bila sabuni. Kazi yake ni kuwapa bakteria sehemu ya kushika, na kila kifuniko kina uso wa ndani na wa nje. Mabomba 30,000. Pampu ya wati 35 inayosukuma lita 2,000 kwa saa, 85,000. Inakula kama uniti 25 za umeme kwa mwezi.

Mfugaji amenipa kipande cha sponji chafu kutoka chujio lake. Nimekifunga kwenye mfuko wenye maji na kukiingiza kwenye pipa ndani ya saa mbili. Hicho ndicho kitu cha thamani kuliko vyote nilivyotoka navyo kwake, na hakukubali nilipie.

13 Oktoba: Bakteria wameshika

Nimelisha bwawa lisilo na samaki kwa wiki sita. Vijiko viwili vya unga wa dagaa kila siku, vioze na kutoa amonia. Wiki ya pili amonia ilifika 4. Wiki ya tatu ilianza kushuka na nitriti ikaonekana.

Kisha nikakosea. Bili ya umeme ilinishtua, nikaanza kuzima pampu saa nne usiku na kuiwasha alfajiri. Baada ya siku tano amonia ikarudi juu, na pipa likawa linanuka kama mayai viza. Bakteria hawa wanahitaji oksijeni kama samaki. Maji yakisimama ndani ya pipa wanaimaliza, halafu wanakufa. Nilipoteza karibu wiki mbili. Pampu haizimwi usiku.

Kero nyingine ilikuwa viluwiluwi vya mbu. Kwenye kona zisizotikiswa na maji vilijaa ndani ya wiki moja. Kutoka yai hadi mbu anayeruka zinatosha siku saba hadi kumi kwa joto letu, kwa hiyo kila Jumatano na Jumamosi mwanangu alivichota kwa wavu wa chandarua na kuwapa goldfish wa ndani. Sijawahi kuona samaki wakikimbilia chakula namna ile. Goldfish hao wanne baadaye nimempa mwalimu mwenzangu, ambaye ana chumba chenye ubaridi na tangi lenye chujio.

Jana na leo: amonia sifuri, nitriti sifuri, nitrati 40. Nimebadilisha theluthi moja ya maji ili kupunguza nitrati.

19 Oktoba: Mbuna wameingia

Walifika tarehe 5, ishirini na wanne, 5,000 kila mmoja, sentimita nne hadi tano. Nusu njano, nusu buluu. Niliwaweka karantini ya wiki mbili kwenye tangi la ndani, ambalo nalo nilikuwa nimehamishia vifuniko kutoka kwenye pipa.

Wawili walikufa humo, na ni mimi. Niliwapa dagaa waliosagwa, nikiona ni chakula bora. Mbuna wengi huishi kwa kukwangua mwani kwenye mawe. Utumbo wao ni mrefu na haukuumbwa kwa nyama nyingi. Wawili wa buluu walivimba tumbo, wakaacha kula, wakafa siku ya nne. Sasa wanakula mchicha uliochovywa kwenye maji ya moto na kukatwakatwa, na chakula cha punje chenye mwani mara moja kwa siku.

Bwawani nimepanga mawe ya matumbawe yaliyobaki kwenye shimo letu wenyewe, rundo kubwa lenye mapango mengi. Mbuna ni wagomvi. Dume huteka pango na kumfukuza kila anayekaribia, hivyo mapango yawe mengi kuliko madume. Tulipowaachia, waliingia kwenye mawe wote kwa mara moja na bwawa likabaki tupu. Baada ya dakika ishirini mmoja wa njano akachungulia, akatoa kichwa, akarudi. Mwanangu alikaa pale hadi giza.

10 Novemba: Usiku bila umeme

Ijumaa umeme ulikatika saa nne usiku. Sikuwa na wasiwasi. Saa tisa niliamka, nikaenda na tochi: samaki wote juu, midomo nje, wanavuta.

Maji ya nyuzi 25 yanaweza kubeba oksijeni kama miligramu 8.3 kwa lita. Ya nyuzi 30, kama yangu usiku ule, 7.5 tu, na hapo ni iwapo yameijaa kabisa. Samaki, bakteria na mwani wote wanavuta kutoka humohumo, maana usiku mwani hautoi oksijeni, unaitumia. Tulichota maji kwa majagi na kuyamwaga kutoka juu, mimi na mwanangu, kwa zamu, hadi saa kumi na mbili. Watatu wamekufa.

Umeme uliporudi nilikumbuka harufu ya mayai viza. Kabla ya kuwasha pampu nilifungua bomba la chini la pipa na kumwaga maji yote yaliyolala mle. Fanyeni hivyo kila umeme ukikatika kwa saa nyingi. Maji yale yakirudi bwawani yanaua waliosalia.

Suluhisho: pampu ndogo ya hewa ya volti 12, wati 5, kwa 38,000, betri ndogo 45,000, chaja 15,000. Betri inaendesha hewa usiku kucha na zaidi. Nilipaswa kuinunua kabla ya mbuna.

1 Desemba: Mvua, mdiria na kunguru

Mvua za vuli zimeleta majani yaliyoziba wavu mdogo niliofunga kwenye bomba la kumwagia. Maji yakapanda, yakapita juu ya ukingo. Asubuhi nikakuta samaki wawili kwenye tope; mmoja alikuwa bado hai na amepona. Sasa bomba limezungushiwa kizimba cha waya chenye ukubwa wa ndoo, hivyo majani hayawezi kuziba kote kwa pamoja. Jambo hili linanihusu zaidi ya hasara ya samaki: sitaki samaki wa mapambo wafike kwenye mto wowote, hata kama ni wa nchi yetu. Wa Nyasa si wa huku.

Mdiria amechukua watatu. Nilimwona wa mwisho: anasimama hewani juu ya bwawa, mabawa yanapiga, anadondoka kama jiwe, ameondoka. Samaki wa njano wanaonekana kutoka mbali.

Kunguru wao hawajachukua samaki, lakini wanalowanisha vyakula vyao mle. Nimetoa mifupa, makoko ya ugali na kichwa kizima cha kibua. Kunguru hawa waliletwa Zanzibar mwishoni mwa karne ya 19 kusafisha taka, na sasa wanaleta taka bwawani kwangu. Kila kipande ni amonia.

Nimefunika bwawa lote kwa fremu tatu za waya wa inchi moja, 70,000. Zina kufuli. Nilipaswa kuanza nazo, na si kwa ajili ya ndege. Maji ya sentimita 70 yanatosha kumzamisha mtoto mdogo, na watoto wa jirani hupita kwetu.

12 Januari 2025: Kaskazi

Saa tisa alasiri maji yalifika nyuzi 32, na yakawa ya kijani kiasi kwamba sikuona mawe. Nitrati 80. Jua, joto na nitrati ndivyo chakula cha mwani.

Nimetandika neti ya kivuli ya asilimia 50 juu ya fremu, 30,000. Ndani ya siku tatu joto la alasiri limeshuka hadi 29. Kila Jumapili natoa asilimia 20 ya maji na kumwagilia migomba na mchicha. Wiki ya tatu nimeanza kuona mawe tena. Rafiki alitaka kunipa gugu maji livute nitrati. Nimekataa, kwa yanayoonekana Ziwa Victoria.

23 Februari: Mdomo umejaa

Tarehe 3 nilimwona jike wa njano hali chakula. Chakula kikishuka, wenzake wanagombania, yeye anasogea nyuma. Chini ya kidevu pamevimba, na taya linatafuna polepole bila kitu. Nilidhani ugonjwa, nikampigia mfugaji wa Mbezi. Akacheka kwa furaha: "Huyo analea, dada. Mwache."

Jike wa mbuna huatamia mayai mdomoni kama wiki tatu, na muda wote huo hali au anakula kidogo sana. Bwawani watoto wangeliwa wakitoka tu, hivyo tarehe 17 usiku, samaki wakiwa wametulia, nilimchota kwa beseni bila kumtoa majini na kumhamishia tangi la ndani. Nilihofia atayatema mayai. Hakuyatema.

Jana jioni mwanangu aliniita. Jike alikuwa kwenye kona, anafungua mdomo, na kifaranga kimoja kikatoka, cha njano iliyopauka, kisichozidi sentimita moja, macho makubwa kuliko kichwa. Kikazama kwenye kokoto na kukaa. Kisha cha pili. Leo asubuhi tumehesabu mara tatu: kumi na wanne. Wanakula punje zilizosagwa kuwa vumbi, mara tatu kwa siku, kiasi cha ncha ya kisu. Amonia sifuri, nitriti sifuri. Jike nitamlisha siku chache peke yake kabla hajarudi bwawani, amekonda sana mgongoni.

Bwawani wako kumi na wanne, yeye wa kumi na tano. Gharama hadi leo, bila umeme: 1,485,000. Kati ya hizo, samaki waliokufa ni 87,000. Vifaranga vikifika sentimita tatu nitampelekea mfugaji wa Mbezi saba, badala ya ile sponji.